Beseni la Mwalimu: kisa cha okidi 38 za Njoro

Beseni lenyewe bado lilikuwapo siku ile, limeegemezwa ukutani karibu na tangi la maji. Ni la plastiki, la bluu, kubwa kama yale ya kufulia blanketi. Mwalimu hakulificha. Alinipeleka moja kwa moja hadi hapo kabla hata ya kunikaribisha chai, akasema, "Humu ndimo nilimoziosha. Sasa mwanangu niambie ukweli: ile dawa ya kuvu ilikuwa mbovu, au mimi ndiye niliyekosea?"

Kazi yangu ni afya ya mimea hapa Nakuru. Siku nyingi huishia kwenye nyanya, viazi na mahindi. Okidi huniangukia mara mojamoja. Mwenyewe ameniruhusu nikiandike kisa hiki mradi nisimtaje yeye wala duka lililomuuzia dawa. Nimekubali bila kinyongo, kwa sababu hata yule muuzaji hakukusudia kudanganya. Alirudia alichoambiwa na aliyemletea mzigo.

Mwalimu alipostaafu alirudi kwake Njoro, na kwa kuwa si mtu wa kukaa bure, akaanza kulea okidi za jenasi ya Cymbidium nyuma ya nyumba, chini ya neti ya kivuli. Alianza na chungu kimoja, zawadi ya kuagwa kutoka kwa walimu wenzake, kisha akaongeza vingine kutoka kwingine. Njoro inaifaa Cymbidium: iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mchana joto la wastani, usiku baridi. Bila baridi ya usiku okidi hii hunawiri majani tu na kukataa kutoa maua. Alizipanda kwenye mchanganyiko wa vipande vya gome la mti, makaa, na yale mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa upande wa Naivasha, ambayo wakulima wa maua huyaita pamisi. Chungu kikijaa, alikigawa mara mbili au tatu. Baada ya miaka minane alikuwa na vyungu 40: 38 kwake, na viwili alivyompa binti yake anayeishi Lanet. Maua aliwauzia wapambaji wa harusi na makanisa mjini, akiyakata mwenyewe kwa mkasi mmoja uliokuwa ukining'inia kwenye msumari mlangoni mwa kivuli.

Mkasi huo tutaurudia.

Shida ilianzia kwenye vyungu sita vilivyokuwa karibu na mlango. Majani machanga yalitoka na michirizi iliyofifia, kijani na manjano vikipishana kwa urefu wa jani. Ukilitazama jani kutoka juu unaweza kuikosa. Ukiliinua ulikinge na mwanga, inajitokeza kama mistari kwenye daftari lililolowa. Kwenye majani ya zamani michirizi hiyohiyo iligeuka kuwa myeusi na kubonyea, hivi kwamba ukipitisha kidole unahisi mashimo. Mwalimu kwanza alidhani ni utitiri, akapiga maji ya sabuni. Haikusaidia. Akadhani ni jua, akaongeza neti. Haikusaidia. Ndipo akakumbuka muhogo. Miaka ya 1990 alikuwa akifundisha Busia, wakati batobato kali, ule ugonjwa wa virusi vya muhogo, ilipovuka kutoka Uganda ikaingia magharibi mwa Kenya, na aliona kwa macho yake mashamba ya majirani yakisinyaa hadi watu wakaacha kupanda.

"Nikajua ni virusi," aliniambia. "Na virusi havina dawa, hilo ninalijua. Ndiyo maana yule kijana wa duka aliponiambia dawa ipo, nilitaka sana kumwamini."

Dawa yenyewe ilikuwa pakiti ya unga wa kijivu iliyoandikwa maikoriza. Kijana alimweleza hivi: ni kuvu rafiki, inaingia kwenye mizizi, inaupa mmea kinga, na mmea wenye kinga haushikwi na ugonjwa wowote, hata virusi. Niliiomba pakiti nikaisoma hadi maandishi madogo ya nyuma. Hakuna mahali ilipotaja virusi. Hakuna mahali ilipotaja okidi. Ilitaja kahawa, nyanya, vitunguu na miche ya miti ya matunda. Viambato vilikuwa mbegu za kuvu aina ya Rhizophagus, asidi ya humiki, ile itokanayo na mboji, na dondoo la mwani. Maelekezo yalisema unga ukorogwe kwenye maji, mizizi ichovywe kabla ya kupanda.

Mizizi ichovywe. Mwalimu ni mtu wa kufuata maelekezo.

Kazi ilichukua siku mbili, yeye na kijana wa dadake. Waliitoa kila okidi kwenye chungu, wakakata mizizi iliyooza, wakazigawa zile zilizosongamana, wakazichovya zote kwenye beseni hilo la bluu kwa dakika 15 kila moja, wakazirudisha kwenye gome jipya. Ili dawa iwafikie wagonjwa kwanza, walianza na vile vyungu sita. Kisu kilikuwa kimoja. Maji yalikuwa yaleyale, na kila yalipopungua waliongeza mengine juu.

Hapa ndipo kisa hiki kinapotofautiana na vingi nilivyowahi kuvishughulikia. Kwa kawaida mkulima hukuambia "niliweka dawa" na huwezi kujua zaidi ya hapo. Mwalimu alikuwa na daftari la kurasa 96, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, na humo alikuwa ameandika kila chungu kwa zamu yake: namba, saa kilipoingia kwenye beseni, saa kilipotoka, kilizaliwa na chungu gani na mwaka gani. Kama angekuwa mtafiti ningemlipa. Kwenye ukurasa wa siku ya pili, juu kabisa, kulikuwa na mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: "Kisu kimerudi jikoni. Tumetumia nyembe. Maji ya jana yamemwagwa, yalikuwa yananuka."

Niliusoma mstari huo mara tatu, kisha nikaomba kiti.

Miezi miwili ya kwanza mambo yalionekana kwenda vizuri. Majani mapya yalitoka kwa wingi, ya kijani kilichokolea, na Mwalimu akaanza kuwasifia kuvu hao kwa wenzake wa chama. Alikuwa hata ameahidi kuwauzia vipande vinane. Mwezi wa tatu michirizi ikarudi kwenye vyungu sita vya mwanzo, nayo ikaonekana kwenye vingine. Maua yalipofunguka, baadhi yalikuwa na mabaka kama kitambaa kilichochuja rangi kwenye kufuliwa. Mwezi wa tano ndipo akanipigia.

Nilipitia vyungu vyote 38 jani kwa jani, nikilinganisha na daftari. Vile sita vya kwanza vilikuwa wagonjwa, hilo lilijulikana. Namba 7 hadi 22, yaani vilivyobaki vya siku ya kwanza, vilikuwa 16, na 13 kati yake vilikuwa na michirizi. Namba 23 hadi 38, vyote vya siku ya pili, vilikuwa 16 vilevile, na vyenye dalili vilikuwa vitatu tu. Vitatu hivyo nilivitafuta kwenye ukurasa wa uzazi: vyote vilizaliwa na chungu namba 4, kimoja cha wale wagonjwa wa mwanzo, vilipogawanywa miaka miwili kabla. Vilikuja na ugonjwa wao kutoka nyumbani, beseni halikuwapa.

Kisha tukaendesha gari hadi Lanet. Vyungu viwili vya binti vilitoka kwenye chungu namba 9, lakini havikuwahi kurudi Njoro na havikuchovywa. Namba 9 ilikuwa na michirizi hadi kwenye jani jipya kabisa. Vya Lanet, ambavyo ni mmea uleule, damu moja, vilikuwa safi.

Nilikuwa nimebakiwa na vijiti 10 vya kupimia, vile ambavyo unaponda kipande cha jani kwenye mfuko wenye maji maalumu, unatumbukiza kijiti, unangoja mistari. Vinafanya kazi kwa namna ileile ya kipimo cha mimba cha duka la dawa. Kila kijiti kinatafuta virusi viwili vinavyozisumbua okidi duniani kote: virusi vya batobato ya Cymbidium, na virusi vya madoa ya pete ya Odontoglossum, ambavyo ni ndugu wa virusi vya tumbaku. Kumi ni vichache, ikabidi nichague. Nilipima viwili vya wagonjwa wa mwanzo: vyote vilikuwa na batobato, na kimoja, namba 4, kilikuwa na virusi vyote viwili. Vitatu vyenye michirizi vya siku ya kwanza: vyote vinavyo, kimoja kwa aina zote mbili. Kimoja cha siku ya pili chenye michirizi, mtoto wa namba 4: kinavyo. Kimoja cha siku ya pili kisicho na dalili: safi. Viwili vya Lanet: safi.

Kijiti cha kumi nilikiweka kwenye namba 15, mojawapo ya vile vitatu vya siku ya kwanza vilivyoonekana vizima. Mwalimu alikuwa na matumaini makubwa na namba 15, kwa sababu huzaa maua meupe kabisa. Tulikaa tukiangalia kijiti kwenye kisahani cha chai. Mstari wa juu ulitokea upesi, ule unaoonyesha tu kwamba kijiti chenyewe ni kizima. Kwa dakika chache haukuja mwingine. Mwalimu akapumua. Halafu chini yake, taratibu, kama wino unavyopenya karatasi, ukaja mwekundu hafifu.

"Lakini huyu hana kitu!" alisema, akiligeuza jani huku na huku.

Okidi inaweza kubeba virusi hivi kwa miezi, hata miaka, bila kuonyesha lolote. Mkulima anayegawa mimea kwa kuitazama kwa macho pekee anacheza kamari, na wengi wetu tunaicheza kila siku.

Sasa nirudi kwenye swali lake. Kuvu ilikuwa mbovu? Hapana, ilikuwa nzima, ila ilipelekwa kwa mmea usioijua. Kuvu za kundi la Rhizophagus huishi na mimea mingi sana tunayolima: mahindi, kahawa, nyanya, vitunguu, migomba. Huingia kwenye seli za mizizi, zikaota matawi madogo kama kichaka, zikabadilishana fosforasi kwa sukari. Lakini ipo mimea isiyozipokea. Sukuma wiki na kabichi ni mfano, na bado nakutana na watu wanaonunua pakiti hizi kwa ajili ya sukuma wiki, wakaniuliza mbona hawaoni tofauti. Okidi nazo hazizipokei. Zina kuvu zao, za koo nyingine kabisa: Tulasnella, Ceratobasidium, Serendipita. Unga ule kwenye mizizi ya Cymbidium ulikuwa kama kutumia ufunguo wa mlango wa jirani.

Ushirika wa okidi na kuvu zake ni wa ajabu kuliko ule wa mahindi, na inafaa niukalie kidogo. Mbegu ya okidi ni vumbi. Tunda moja laweza kubeba mamia ya maelfu, na hakuna hata mmoja wao aliyefungiwa chakula cha safari kama punje ya mahindi au haragwe. Ikianguka mahali pasipo na kuvu yake, inakufa. Noël Bernard, kijana wa Kifaransa, ndiye aliyeligundua hili mwaka 1899, alipokuta mbegu zilizoota na zote zikiwa na nyuzi za kuvu ndani yake. Kuvu huingia kwenye seli, hujiviringa kama kifundo cha uzi, na mche mchanga humeng'enya kifundo hicho ukapata sukari. Tazama mkataba wenyewe: kwa mahindi, mmea hulipa sukari. Kwa okidi changa, kuvu ndiyo inayolisha, na mmea unakula hadi mlishaji.

Nilichukua vipande vya mizizi kutoka vyungu vinne nikavitazama kwa hadubini kazini. Kwenye viwili, upande uliokuwa umegusa gome, niliona vifundo hivyo, vichache, baadhi vikiwa vimeshameng'enywa hadi kuwa mavimbe ya kahawia. Vichaka vya Rhizophagus sikuona hata kimoja. Kwa maneno mengine, baadhi ya okidi za Mwalimu zilikuwa na kuvu sahihi tangu zamani, zimeipata zenyewe kwenye gome, bila pakiti. Na zilikuwa na virusi vilevile. Kimoja cha vyungu hivyo viwili kilikuwa namba 4.

Hapo inajibika nusu ya swali ambalo Mwalimu hakuliuliza lakini wengine wataliuliza: je, angepata kuvu inayofaa, ingezikinga? Tusiidharau hoja hii, ina msingi. Mizizi inapokaliwa na kuvu rafiki, mmea mzima huwa kama mbwa aliyeamshwa usingizini. Adui akija, hujibu upesi. Faida hiyo imeonekana mara nyingi dhidi ya magonjwa ya kuozesha mizizi na hata dhidi ya wadudu wanaotafuna majani. Virusi ni kesi nyingine. Kinga inayoamshwa na kuvu hupitia zaidi kwenye asidi ya jasmoni, kemikali ambayo mmea hujihami nayo. Mmea unapopambana na virusi hutegemea zaidi kemikali nyingine, asidi ya salisili, na ule uwezo wake wa kukatakata jeni za virusi vipande vipande. Isitoshe, majaribio ya miaka ya 1970 kwenye nyanya, petunia na stroberi yalionyesha virusi vikizaana zaidi kwenye mimea yenye maikoriza kuliko isiyo nayo. Sababu mojawapo si ngumu kuielewa: mmea ulioshiba fosforasi una seli zenye shughuli nyingi, na virusi havina mashine yake, hutumia ya mwenyeji. Ukiimarisha kiwanda, mwizi aliye ndani naye anazalisha zaidi. Yapo majaribio ya baadaye, kwa virusi vingine vya nyanya, ambapo dalili zilipungua. Matokeo yanapingana, na mtu akikuambia kwa uhakika kwamba kuvu inazuia virusi, muulize virusi gani, mmea gani.

Na hata tukikubali kwa ukarimu kwamba kinga ipo, ni ya mmea ambao bado haujaambukizwa. Virusi vikishaingia kwenye okidi, hukaa humo hadi mmea ufe. Hakuna unga wala maji ya kuvitoa.

Basi zile wiki nane za kunawiri zilitoka wapi? Gome jipya, mizizi iliyooza imekatwa, mwani na humiki. Okidi yoyote uliyoihamisha vizuri hufanya hivyo. Hii ndiyo sehemu ya kisa inayonisumbua zaidi, kwa sababu ingekuwa rahisi sana vile vipande vinane viuzwe katika miezi hiyo miwili, vikiwa na sura nzuri, viende vyumba vinane vya watu vikiwa na mgeni ndani.

Nilimweleza Mwalimu njia ya maambukizi kwa kutumia mambo mawili anayoyajua. Muhogo wa Busia ulibebewa virusi na inzi weupe pamoja na vipando vilivyokatwa shina lenye ugonjwa. Mahindi ya Bomet mwaka 2011, ule ugonjwa ulioyakausha mahindi yakiwa bado shambani, ulitokana na virusi viwili kukutana kwenye mmea mmoja, na vikikutana madhara huzidi jumla ya kila kimoja peke yake. Okidi za Njoro zina hilo la pili: namba 4 ilikuwa na viwili, na ndiyo iliyokuwa na hali mbaya kuliko zote. Lakini hazina la kwanza. Virusi hivi viwili vya okidi havina mdudu anayejulikana kuvisambaza. Vinasafiri ndani ya utomvu, na utomvu husafiri kwa kisu, kwa mkasi, kwa vidole, kwa maji yaliyogusa jeraha. Kwenye muhogo unaweza kumlaumu inzi. Hapa inzi ni sisi.

Mwalimu alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo mkasi," akasema.

Mkasi ndio ulioanza. Vyungu vya karibu na mlango ndivyo vilivyokatwa maua mara nyingi, kwa sababu viko karibu na mkasi, na mkasi haukuwahi kuoshwa. Namba 4 ndiyo zawadi ya walimu wenzake, chungu cha kwanza kabisa. Karibu hakika ilikuja na virusi tangu ilikonunuliwa. Kwa miaka minane mkasi ulivisambaza pole pole, chungu hadi chungu. Beseni na kisu vilifanya kwa siku moja kilichomshinda mkasi miaka minane: mizizi ya okidi 22 iliyokatwa upya, vidonda wazi, imelowekwa kwenye supu moja iliyoanza na wagonjwa. Siku ya pili, wembe mpya na maji mapya, na ugonjwa ukasimama.

Ikaja hesabu ya nini kiondoke. Sita vya kwanza, 13 vyenye michirizi, vitatu vya siku ya kwanza visivyo na dalili, maana namba 15 ilikuwa imeshatufundisha, na vitatu vya ukoo wa namba 4. Jumla 25. Vinabaki 13 vya siku ya pili na viwili vya Lanet. Nilipendekeza vichomwe. Aliuliza kama haviwezi kutupwa kwenye shimo la mbolea, nikasema hapana: yale madoa ya pete ni ya ukoo wa tumbaku, hustahimili kukauka na hudumu muda mrefu kwenye mabaki, ndiyo maana hata mvuta sigara hushauriwa anawe mikono kabla ya kugusa nyanya zake.

Alikubali 24. Namba 4 alikataa.

"Hiyo walinipa siku ya kuniaga. Nusu yao wameshakufa. Siichomi."

Mimi si wa kubishana na hilo. Tulikubaliana ihamie veranda ya mbele, upande wa pili wa nyumba, inyweshwe mwisho, isikatwe kitu chochote, na mwenye kuigusa anawe kwa sabuni kabla ya kwenda nyuma. Wataalamu wenzangu watanisuta. Sawa.

Vifaa tulivishughulikia jioni hiyo. Watu wengi hufuta kisu kwa spiriti wakadhani wamemaliza. Kwa virusi vya ukoo wa tumbaku spiriti haitoshi. Vyungu vya plastiki tulivisugua hadi visiwe na uchafu, tukavilowesha kwenye Jik iliyochanganywa upya, sehemu moja kwa tisa za maji. Iliyochanganywa jana haina nguvu ya leo. Gome na pamisi ya vyungu vilivyochomwa tulitupa. Kwa kukata, wembe mmoja kwa mmea mmoja, kisha kwenye kopo. Nilimwambia pia kuhusu maziwa: unga wa maziwa yasiyo na mafuta, gramu 20 ukizikoroga upate mililita 100, ndimo wakulima wa nyanya kwenye vibanda huchovya mikono na visu baina ya mmea na mmea, kwa sababu protini yake huvifunga virusi hivi visiambukize. Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Maziwa ninunue niwape okidi, na chai ninywe ya rangi?" Amebaki na nyembe.

Miezi minne baadaye nilirudi. Vyungu 13 vilikuwa safi kwa macho, na vijiti vipya nilivyokuwa nimepata viliafiki. Kwenye veranda, namba 4 ilikuwa imetoa kikonyo kimoja cha maua yenye mabaka, na kwenye mojawapo shingo ilikuwa imeanza kunenepa na kuwa kijani.

"Umeichavusha?" nikauliza.

Alikuwa amesoma, au alikuwa amekumbuka nilichokisema nikinywa chai siku ile ya kwanza: kwamba virusi hivi kwa kawaida havipiti kwenye mbegu, na kwamba hapo ndipo kuvu ya okidi inapoweza kweli kuwa ya msaada, kwa kuotesha miche mipya isiyorithi ugonjwa wa mama. Ama kwa kuvu, ama kwa ile njia ya sukari kwenye chupa ambayo Lewis Knudson aliionyesha Marekani mwaka 1922, na ambayo maabara nyingi za kuotesha tishu hutumia hadi leo. Watoto hawatafanana na mama. Kumpata mama mwenyewe bila virusi kunahitaji kukata ncha changa ya kuotea, ndogo kuliko kichwa cha pini, kazi ambayo Georges Morel aliifanya kwa Cymbidium mwaka 1960 na inayotaka maabara na subira. Mbegu, zikishapata kuvu au chupa, zinataka subira tu. Tunda la Cymbidium huchukua karibu mwaka kukomaa, na mche hadi ua la kwanza ni miaka minne, mitano, pengine zaidi.

Alinionyesha daftari. Chavua alikuwa ameitoa kwenye namba 31, iliyo safi, akaipeleka veranda kwa kijiti cha meno, kisha akakitupa kijiti kwenye moto. Upande mmoja tu, hakurudi nacho nyuma. Chini yake alikuwa ameandika tarehe, na chini ya tarehe amechora mstari na kuanza kuhesabu wiki kwa vijiti vitano vitano, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza. Vilikuwa vimefika tisa.

"Nikiwa sijafika," alisema, akifunga daftari, "binti yangu ataendelea kuchora."

Beseni lilikuwa limepandwa vitunguu vya majani.